Ngome ya Lamu si ya Wareno

Mhariri,

Huniuma kuwasikia vijana wanaotembeza wageni wakisema Ngome ya Lamu ilijengwa na Wareno. Ya Wareno ni Fort Jesus, Mombasa. Yetu ilikamilika mwaka 1821 kwa msaada wa Seyyid Said, mtawala wa Omani, baada ya Waamu kuwashinda Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, na Wamazrui waliotawala Mombasa, katika vita vya Shela. Mimi ni fundi mwashi. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Ukipiga lipu ya saruji hapo, hubambuka. Na kwamba ilikuwa jela hadi 1984, wazee wangali wakumbuka. Wanaowafunza vijana hao wawaelezee haya, tafadhali.

Fundi mwashi,
Langoni, Lamu