Mtetemo wa simu usibebeshwe hisia kumi

Mhariri,

Wanaotengeneza programu za kumfikishia asiyeona furaha au huzuni ya ujumbe kwa mtetemo wa simu wanafanya kazi tunayoihitaji sana Lamu. TalkBack, kisomaji cha skrini cha simu za Android, husoma maneno kwa sauti, hata majina ya emoji. Lakini anayepita vichochoro vya Langoni na fimbo yake hawezi kuziba masikio kwa vipokea sauti. Anategemea masikio hayo kujua punda anakuja upande gani. Kiganja ndicho kilichobaki.

Kosa kubwa ni kupanga hisia nane au kumi na kuzitofautisha kwa nguvu ya mtetemo. Simu nyingi za bei nafuu zina mota ndogo yenye kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Kikizunguka, simu hutikisika. Chuma hicho huchukua muda kushika kasi, na muda tena kutulia, kwa hiyo pigo fupi la milisekunde 20 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) huenda lisihisiwe kabisa, na mapigo yaliyokaribiana mno hugeuka mvumo mmoja. Android tangu toleo la 8, la mwaka 2017, inamruhusu mtengenezaji wa programu kuchagua nguvu kuanzia 1 hadi 255. Simu isiyo na uwezo huo hutetema kwa kiwango kile kile tu, na huzuni iliyokusudiwa kuwa laini inamfikia mtu kama kengele.

Tumieni mdundo, na hisia nne zinatosha kuanzia. Furaha iwe mapigo matatu ya milisekunde 100, yaachane kwa 150. Huzuni, mtetemo mmoja mrefu wa 900. Hofu iende mawili mawili kama moyo, kisha kimya cha 600. Hasira, mawili ya 400. Kila mdundo urudiwe baada ya sekunde moja, maana wa kwanza humgutusha mtu, wa pili ndio anaousoma. Jaribuni simu ikiwa mkononi, kisha mfukoni mwa kanzu, kisha ndani ya boti, ambako injini humeza kila kitu.

Hata hivyo mtetemo hueleza ukali wa hisia kuliko uzuri au ubaya wake. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini haisemi kama ni harusi au vita. Mapigo ya haraka ni hivyo hivyo: maana yake lazima watu wawili wakubaliane na kujifunza, na mtumiaji aweze kuibadili. Anayeandika ujumbe achague hisia mwenyewe. Programu ikikisia kwa maneno, "pole" ya msiba na "pole" ya aliyejikwaa zitatetema sawa.

Na tafadhali, kila kitufe kipewe jina. Kisicho na jina TalkBack hukitaja kuwa kitufe tu, na asiyeona hajui kipi kinazima mtetemo.

Wakufunzi wa simu kwa wasioona,
Lamu