Kuhusu mshono wako

Umoja, Nairobi

Mpenzi Mama Amani,

Hongera sana kwa kijana! Picha nimeiona. Paji ni la baba yake, hata akatae.

Sasa mshono wa upasuaji wa kujifungua. Mama mkwe anataka kuukanda kwa maji moto ya chumvi, na jirani anakwambia umwagie unga wa kapsuli za antibiotiki, zile za rangi mbili. Wakatalie wote kwa heshima. Mshono uliofungwa vizuri huanza kuziba juu ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana bandeji ya kwanza huachwa kama saa 48 bila kuchunguliwa, isipokuwa imelowa au imebanduka. Baada ya hapo oga kawaida, maji yapite juu, usisugue. Kisha inua ule mkunjo wa tumbo ukaushe chini yake kwa taulo safi, maana jasho hujificha hapo. Nawa mikono kabla ya kupagusa, na shangazi anayetaka "kuona tu" aone kwa mbali.

Ule unga ni dawa ya kumezwa. Kwenye kidonda hugandamana tu na kuficha yanayoendelea chini. Kinga ni ile sindano ya antibiotiki waliyokudunga kabla ya kisu. Mshono ukiwa safi, usinunue vidonge vingine kwa chemist.

Halafu nyinyi wa magorofa ya Pipeline maji hupanda ngazi kwa mtungi. Usibebe wewe. Mzigo wako kwa sasa ni mtoto, basi.

Wanakwambia uangalie wekundu, lakini kwa ngozi zetu wekundu hujificha. Weka mgongo wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pamevimba, pamekuwa pagumu, panang'aa? Maumivu yanazidi badala ya kupungua? Mara nyingi mambo huharibika siku ukiwa umeshafika nyumbani, wiki ya kwanza au ya pili. Ukiona usaha, harufu au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki ya wiki sita. Huenda wakafungua nyuzi kadhaa, wautoe usaha, wasafishe, kisha waache kidonda wazi kijae kutoka chini. Usiogope wakifanya hivyo, kwa sababu usaha uliofungiwa ndani haumalizwi na vidonge peke yake. Ukianza kutetemeka kwa baridi au kuhema haraka, hata kama ni saa nane usiku, ita teksi.

Jumamosi nikitoka zamu nitapitia na njahi, yale maharage meusi ya mzazi. Na ile sukari iliyopanda ukiwa mjamzito, walikwambia urudi kupimwa lini? Ikibaki juu, kidonda huchelewa kupona na huoza upesi. Nijibu hilo kwanza.

Wako,
Nyambura