Mhariri, kadi hiyo haijafa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya. Gazeti lako nalisoma kila siku bila kulinunua, nikiri tu: jirani yangu muuza magazeti hunikopesha asubuhi, namrudishia kabla ya saa nne likiwa halijakunjamana. Kwa hiyo sina haki ya kudai chenji, ila hili la juzi limenigusa kazini.

Kwenye safu yenu ya teknolojia msomaji mmoja aliuliza swali. Ameandika mfumo wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, kwenye memori kadi, kaichomoa, alipoirudisha kwenye kompyuta yake ya Windows akaambiwa diski haisomeki, inabidi ifomatiwe kwanza. Mwandishi wenu akamjibu kwa mistari minne: kubali kufomati, na ikigoma nunua nyingine, hiyo imekufa. Jibu hilo limeniletea wateja, sikatai. Shida ni kwamba wanakuja wakiwa wameshaharibu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu anayejitolea kufundisha kwenye sekondari moja ya kata kule Rungwe. Aliingia kibandani na bahasha ya kaki, ile ya kuwekea vidonge hospitalini, akaimwagia mezani kwangu: memori kadi tisa.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Hizi ni marehemu. Nataka uniambie nani kaziua.”

Mwalimu ana Raspberry Pi tatu alizopewa na kijana wake. Kwa asiyeijua, ni kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, upana wake kama kitambulisho cha taifa, na haina diski ya kawaida. Mfumo wake wote unakaa kwenye memori kadi. Alitaka moja ibebe Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, irushe mawimbi ya Wi-Fi darasani, wanafunzi wasome kwa simu na tableti bila kununua bando. Jambo zuri kabisa. Akaenda mjini kwenye duka la intaneti, akapakua imeji, yaani nakala ya mfumo mzima, akaiandika kwenye kadi. Programu ikamwambia imemaliza. Hapo hapo likatokea dirisha: diski F haisomeki, ifomatiwe? Mwalimu, mtu mtiifu, akabofya ndiyo. Kufika shuleni Pi ikawaka taa nyekundu, maandishi meupe yakateremka kwenye kioo, yakasimama. Akarudia na kadi ya pili. Ya tatu. Kila moja alinunua kwa fedha ya pensheni.

Mhariri, imeji ya mfumo si faili kama wimbo unaounakili ukaukuta umekaa pale na nyimbo zingine. Ni nakala ya diski nzima, pamoja na kuta za vyumba vyake. Ukiiandika kwenye kadi, kuta za zamani zinabomolewa na mpya zinajengwa. Kwa mfumo rasmi wa Raspberry Pi wa miaka hii vyumba ni viwili. Cha kwanza ni kidogo, MB 512, kimepangwa kwa FAT32, na Windows inakifungua bila shida. Cha pili ndicho nyumba yenyewe, kimepangwa kwa ext4, mpangilio wa Linux, mfumo ambao Pi inautumia. Windows ya kawaida haiujui. Inafika mlangoni, haielewi kilichoandikwa, inatangaza kwamba ndani hamna kitu, nikusafishie? Zipo imeji za kompyuta ndogo nyingine za aina ya Pi zenye chumba kimoja tu cha ext4, na hizo ndizo zinazotisha zaidi, maana kwenye Windows hakionekani hata kile chumba kidogo cha MB 512. Unaona dirisha la kufomati peke yake, moyo unapasuka.

Babu yangu wa Kilwa Kivinje aliacha sanduku la barua za biashara, Kiswahili kitupu lakini kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi siwezi kusoma hata mstari. Mama yangu mdogo anazisoma kama anasoma risiti ya duka. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kusema barua zile zimeharibika kwa sababu mimi zimenishinda. Ndivyo nilivyomweleza mwalimu, akacheka, akasema basi mimi ndiye niliyechoma barua za babu yako. Nikamwambia ndiyo mwalimu, wewe na gazeti.

Maana alipokubali kufomati, kile chumba cha pili chenye mfumo wote kilifutwa. Pi ikaanza kuamka kwa kutumia chumba kidogo, ikatafuta nyumba yake, ikakuta uwanja mtupu.

Kwa hiyo jibu sahihi kwa msomaji wenu lilikuwa la maneno machache: funga hilo dirisha, toa kadi kwa utaratibu, chomeka kwenye Pi, washa. Kama Pi inaamka mpaka mwisho, kadi haijafa na imeji imekaa, na Windows iache ilalamike inavyotaka.

Sasa zile tisa. Mwalimu alishazifomati zote mara kadhaa, na alichokuwa anapata ni kadi ya GB 32 inayoonyesha MB 500 na kitu. Alishaambiwa na kijana wa duka la intaneti kwamba ni kirusi kimekula nafasi. Hakuna kirusi. Ukibofya kufomati kwenye ile herufi ya chumba kidogo, unapiga deki chumba kidogo, ukuta haujasogea. Inabidi uvunje kuta zote.

Kwenye Windows mimi natumia diskpart, programu ya kugawa diski kwa amri, ambayo imo ndani ya mfumo tayari. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Hapo simama. Usiguse kitu mpaka umeitambua kadi kwa ukubwa wake: ya GB 32 itaonyesha kama 29, ya GB 64 kama 59, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Usidhani umepunjwa, si wizi. Ukiwa na shaka chomoa kadi, andika list disk tena, uone ipi imetoweka. Kisha select disk na namba yake, clean, create partition primary, format fs=fat32 quick, na mwisho assign. Kwa kadi ya GB 64 andika exfat badala ya fat32.

Nasisitiza kusimama kwa sababu kijana ninayemfundisha kazi hakusimama. Mwaka jana aliandika namba 1 kwa mazoea, na namba 1 siku hiyo ilikuwa diski ya nje ya mteja iliyokuwa imechomekwa pembeni, imejaa video za harusi. Diski inayobeba Windows yenyewe, diskpart inakataa kuisafisha. Ya nje haina mtetezi. Bahati clean ya kawaida inafuta ramani ya vyumba tu, haipiti kila kona, na hatukuandika chochote juu yake baada ya hapo. Tulikesha siku mbili na programu ya kurejesha vyumba, harusi ikarudi. Tangu siku hiyo kwenye meza yangu kuna sheria: ukifungua diskpart, kinachochomekwa ni kadi peke yake.

Asiyependa kuandika amri, Raspberry Pi Imager, programu rasmi ya kuandikia imeji kwenye kadi, ina chaguo la kufuta kadi na kuirudisha kwenye FAT32, na chama cha SD, kinachoweka viwango vya kadi hizi, kinatoa programu yake ya kufomati bure. Na kama unachotaka ni kuandika imeji nyingine tu, huna haja ya kusafisha kwanza. Andika juu yake. Imeji mpya haiulizi aliyekuwa anakaa pale kabla.

Kadi sita kati ya tisa zilirudi kwa njia hiyo, kila moja chini ya dakika mbili. Mwalimu alikaa kwenye kigoda akizihesabu kwa sauti.

Ya saba na ya nane zilikuwa hadithi nyingine. Zilisafishika, zikaonyesha GB 29 kama wenzao, lakini kila tukiandika imeji, Imager ikifika kwenye kuhakiki inasema kilichosomwa si kilichoandikwa. Watu wengi huona hatua hiyo inachelewesha, wanairuka. Msiiruke, ndiyo inayosema ukweli. Nikaziwekea H2testw, programu inayojaza kadi kwa mafaili mpaka juu halafu inayasoma tena moja moja. Kwenye kisoma kadi changu cha bei rahisi kila moja ilichukua zaidi ya saa moja. Majibu: nafasi halisi haifiki GB 8. Zilikuwa feki. Kiwandani au njiani mtu ameidanganya chipu ndani ya kadi ijitangaze GB 32, na ukipita ile nafasi ya kweli, kinachoandikwa kinapotea au kinakanyaga cha mwanzo. Picha chache hutagundua. Imeji ikijaa tu, kadi inaonekana kufa siku hiyo hiyo, na lawama inaangukia imeji. Mwalimu alizinunua stendi kwa muuzaji wa kutembeza, shilingi 6,000 moja, wakati za dukani alitoa 15,000. Akaniangalia, akasema hapo hata hesabu za darasa la nne zingenisaidia. Kwenye Linux kazi ya H2testw inafanywa na programu iitwayo F3.

Ya tisa ndiyo imekufa kweli, na kufa kwake kuna adabu ya ajabu. Ukiifuta inakubali. Ukiiandikia inakubali. Hakuna kosa hata moja linalotokea. Chomoa, chomeka tena: yale ya zamani yamo vilevile, kama hujawahi kuigusa. Vijisanduku vya kuhifadhia data ndani ya kadi vinachakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na vikifika ukingoni baadhi ya kadi hujifunga zenyewe, zibaki kusomwa tu. Kwa mwenye picha za watoto hiyo ni neema, ana muda wa kuzinakili. Kwa mwenye kutaka kuandika mfumo, ndiyo mwisho.

Lakini kabla hamjatangaza msiba wa namna hiyo, angalieni adapta, ile plastiki kubwa mnayoingizia kadi ndogo. Ubavuni ina kitufe kidogo cha kusogeza. Kikishuka, kisoma kadi kinaamini kadi imefungwa na kinakataa kuandika. Kwenye adapta za zamani kitufe kinalegea, kinashuka chenyewe wakati wa kusukuma, au kimeng'oka kabisa, na kikiwa hakipo pia inahesabika imefungwa. Mimi nakata kipande cha selotepu kama ukucha wa mtoto, nabandika juu ya hilo pengo, basi. Mama mmoja aliniletea kadi iliyokataliwa na mafundi wawili, dawa yake ikawa selotepu ya bure. Nilimtoza shilingi 1,000 kwa ajili ya miwani niliyovaa kukiona kitufe.

Sasa niseme na langu, nisije nikaonekana nalaumu gazeti tu. Miaka yangu mitatu ya kwanza kazini na mimi nilikuwa nasema imekufa. Kadi ikionyesha MB chache, natikisa kichwa, namwambia mteja pole, namuuzia mpya, ile ya zamani anaiacha. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa. Siku niliyojifunza diskpart kwa mteja mmoja mwanafunzi wa chuo, nililimwaga lile kopo mezani nikaanza kuzijaribu moja moja. Nyingi zilikuwa nzima. Wenyewe siwajui tena. Wapo wenzangu hapa sokoni wanaozinunua hizo zinazoitwa mbovu kwa shilingi 500, wanazisafisha usiku, asubuhi ziko kwenye kabati la kioo. Hawavunji sheria yoyote ninayoijua, lakini wanalala vizuri kwa sababu majibu kama lile la safu yenu yanaendelea kuchapwa.

Ninachoomba ni masahihisho. Si lazima marefu, nafasi ile ile ya mistari minne inatosha, mradi mstari wa kwanza useme usibofye kufomati. Na kama mwandishi wenu atapita Mbeya, kibanda changu kinafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumapili hapana. Kadi ya tisa bado ninayo, mwalimu alinipa. Nimeshaifuta mara ishirini na kitu, na kila asubuhi nikiichomeka, ile imeji ya Wikipedia ya mwalimu iko pale pale, chumba cha pili kikiwa kimefomatiwa.

Fundi wa kike,
Mwanjelwa, Mbeya