YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAELEKEZO YA TESITA YENU ISIYOGUSA WAYA

Temeke, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nawaandikia kuhusu tesita yenu ya kalamu, ile inayowaka nyekundu na kulia ikisogezwa karibu na waya wenye umeme. Kifaa chenyewe sikilaumu, ninacho na kinafanya kazi. Ninacholalamikia ni sentensi moja kwenye karatasi iliyomo ndani ya pakiti: "Isipowaka, taa ni salama kushikwa."

Mwezi uliopita kijana ninayemfundisha kazi alipanda ngazi ya mbao kubadilisha taa ya tyubu dukani kwa mteja. Alizima swichi ya ukutani, akaisogeza tesita kwenye bodi ya taa, lile kasha lake la bati. Kimya. Akafungua kifuniko, mkono wa kushoto umeshika bati, wa kulia ukagusa kiungio cha nyaya. Alipigwa shoti ya volti 230, mkono hadi mkono, akaanguka. Yu hai, namshukuru Mungu, ila mkono umevunjika.

Nilikwenda kukagua mwenyewe. Aliyefunga nyaya zile zamani alipitisha kwenye swichi nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta, kwa hiyo ukizima, taa inazimika lakini laivu inabaki juu darini. Mafundi wote tunayajua haya, yamejaa mitaani. Na tesita ilinyamaza kwa sababu bodi ile ya bati imefungwa ethi, yaani waya unaoiunganisha na ardhi. Tesita huhisi uga wa umeme unaouzunguka waya, na bati lenye ethi huuzuia uga huo usitoke nje. Tena hutegemea mwili wa aliyeishika kufika ardhini. Juu ya ngazi kavu, na viatu vya raba, uwezo wake wa kuhisi hupungua.

Angezima sakiti breka, hili lisingetokea. Nimemwambia hivyo. Lakini yeye alisoma karatasi yenu akaiamini, na alikuwa na haki ya kuiamini.

Naomba sentensi hiyo iondolewe. Mwelezeni mnunuzi azime kwenye breka, aijaribu tesita kwanza kwenye soketi anayojua ina umeme, aipime taa, kisha airudie soketi ileile, maana betri inaweza kuisha katikati ya kazi. Akishafungua kifuniko, kabla ya kugusa chochote, apime kwa mita yenye ncha mbili: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Mwandike pia, kwa herufi kubwa, kwamba tesita haioni kupitia bati lenye ethi, na kwamba haihisi umeme wa betri wala wa sola kabla ya inveta, kile kifaa kinachoubadili uwe kama umeme wa nyumbani.

Sidai fedha. Nataka jibu la maandishi ndani ya siku 14, kwa sababu juzi nimeziona pakiti hizo hizo Kariakoo, na karatasi ni ileile.

Wenu,
Fundi na mteja wenu