Rosa Mistika isisafishwe

Mhariri,

Tangu filamu ya Vuta N'kuvute itoke mwaka 2021, ikitokana na riwaya ya Adam Shafi, natamani kuiona Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi nayo kwenye skrini. Riwaya hiyo ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kufundishwa humo humo.

Namwomba atakayeishika kazi hiyo asiisafishe. Najua atashawishiwa: ulevi wa Zakaria, baba yake Rosa, upunguzwe, kipigo anachompa bintiye kikatwe, watazamaji wasikwazike. Lakini kipigo kile, kisa barua ya mvulana, ndicho chanzo cha mengi yanayofuata. Ukikiondoa, Rosa anabaki mhuni tu na baba anatoka msafi. Huo utakuwa uongo.

Sisemi kila kitu kioneshwe. Mlango uliofungwa na mlio wa fimbo vinatosha, tena vinaumiza zaidi. Niliposoma sehemu hiyo darasani, hata dawati la nyuma lilinyamaza. Kengele ilipolia, wasichana wawili walibaki. Hawakuuliza swali, walitaka kuazima nakala yangu.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mwanza