Hifadhidata kumi na mbili za nini?

Kwako Zawadi,

Salamu nyingi. Andiko lako la mapitio ya tafiti nimelisoma lote, na swali lenyewe nimelipenda: kufutwa kwa ada za matibabu Afrika Mashariki kumembadilishia nini mama anayekwenda kujifungua? Kilichonishtua ni ile orodha ya hifadhidata kumi na mbili unazotaka kusakia tafiti hizo. Zote hizo za nini, ndugu yangu? Wakaguzi wataipenda, lakini wewe na mwenzako ndio mtakaokesha mkichambua mihtasari ileile inayojirudia.

Mimi ningeanza kwa kujiuliza: nani huandika kuhusu ada, na akishaandika hupeleka wapi? Madaktari na watu wa afya ya jamii utawakuta PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, tena bure. Wachumi wana majarida yao, kwa hiyo EconLit, hifadhidata ya uchumi, usiiache. Wizara na wafadhili mara nyingi hawahangaiki na majarida. Wanatoa ripoti, na hizo utazisaka kwenye hazina ya Benki ya Dunia, IRIS (hazina ya machapisho ya WHO) na tovuti za wizara zenyewe. Lingekuwa swali la dawa ningekusukuma mpaka uipate Embase, hifadhidata ya kulipia yenye mengi ya dawa. Kwa swali hili la sera, kama chuo chenu hakiilipii, usikose usingizi.

Halafu zitazame nchi zako. Uganda ilifuta ada kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, Burundi ikafuta za kujifungua na za watoto wa chini ya miaka 5 mwaka 2006, Kenya nayo ikafanya uzazi kuwa bure mwaka 2013. Burundi ndiyo nakuona unaipoteza: mengi kuihusu yameandikwa kwa Kifaransa, nawe umeweka maneno ya kutafutia ya Kiingereza matupu. Ongeza “gratuité” (kutolewa bure) na “accouchement” (kujifungua), kisha pitia Cairn, hazina ya majarida ya Kifaransa. Majarida ya kwetu ambayo hayamo PubMed yatafute AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) na African Index Medicus. AJOL usiipelekee ile mistari yako mirefu ya mabano na AND na OR. Ipe maneno mawili matatu kwa zamu, na kila ulichoandika ukitunze pamoja na tarehe, maana PRISMA-S, mwongozo wa kuripoti jinsi ulivyotafuta tafiti, inayadai hayo yote.

Ukitaka kujua kama umechagua vizuri, kuna mapitio ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaochapisha mapitio ya tafiti za afya) ya mwaka 2011 kuhusu ada za matibabu. Zichukue tafiti walizozikubali, moja baada ya nyingine: hii ingenaswa na maneno yangu ya PubMed? Kama haikunaswa, ni maneno yamepungua au jarida lenyewe halimo? Maneno yakiwa ndiyo tatizo, yarekebishe. Kama ni jarida, tafuta linapopatikana, na hapo ndipo hifadhidata nyingine inapostahili nafasi yake. Kazi ya siku moja hiyo, nami naiamini kuliko orodha ya mtu yeyote, yangu ikiwemo.

Google Scholar iache mwishoni, kwa kuokoteza ripoti. Hata ikikuambia imepata laki mbili, haitakuonyesha zaidi ya matokeo 1,000, kwa hiyo usije ukaandika kwamba umeyapitia yote. Makala za kulipia mwombe mkutubi wenu akufungulie kupitia Hinari, mpango wa WHO wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya.

Nitumie maneno yako ya PubMed kabla hujaisajili itifaki (mpango wa mapitio yako) kwenye PROSPERO, daftari la mtandaoni la mapitio ya tafiti, niyatupie jicho. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Wako,
Mwanaidi