Kwa mpwa wangu: Usitafute geti la Oxford

Mpwa wangu,

Ujumbe wako ulinikuta kazini, mikono imejaa povu la sabuni: "Mjomba, nikishuka kwenye basi, geti la chuo liko wapi?" Nilicheka. Mimi pia niliuliza hivyo hivyo siku ya kwanza.

Geti hakuna. Usitarajie kitu kama Mlimani. Hapa chuo kimetapakaa mji mzima: koleji zaidi ya 30, kila moja na ukuta wake, jiko lake na bawabu wake mlangoni. Ukitoka koleji moja unakutana na duka la viatu, mbele kidogo koleji nyingine. Hata mwaka wa kuanzishwa haujulikani. Ila kufikia 1096 watu walishakuwa wanasomeshwa hapa. Jina lenyewe, Oxford, halina makuu: maana yake kivuko cha maksai.

Kuta hizo zina kisa. Nitakupeleka Carfax, njia panda ya katikati, ambako zamani palikuwa na kilabu cha pombe. Tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi walilalamika kwamba mvinyo ni mbovu, wakammwagia mwenye kilabu usoni. Basi, mji na chuo wakapigana siku tatu. Inasemekana wanafunzi 63 waliuawa, na wenyeji kama 30. Mfalme akasimama na chuo, na meya akawa anakwenda kanisani kila mwaka kulipa peni 63, peni moja kwa kila marehemu. Adhabu hiyo ilikoma 1825. Fikiria, meya wa karne ya 19 analipia mvinyo wa babu wa babu zake! Na ugomvi wa aina hiyo si ndio uliowakimbiza wengine 1209, wakaenda kuanzisha Cambridge?

Mjomba wako ni mtu wa mji. Ndani ya ukuta naingia, lakini kwa mlango wa jikoni. Nikitoka usiku, saa tatu na dakika tano, kengele kubwa ya koleji ya Christ Church hugonga mara 101. Hizo dakika tano ni za nini? Oxford iko magharibi ya Greenwich, na kabla ya reli ilikuwa na saa yake, nyuma ya London kwa dakika tano. Mji ulibadilisha saa, kengele ikagoma. Sisi tunaosema saa tatu huku saa ya mkononi inaonyesha tisa, hatuna haki ya kuicheka.

High Street utaona sanamu ya Cecil Rhodes, yule mkoloni Mwingereza wa kusini mwa Afrika, amesimama juu ya jengo la koleji ya Oriel. Wanafunzi walidai ashushwe. Mwaka 2021 koleji ikaamua abaki. Mtazame mwenyewe. Mimi huwa napita tu.

Nyumbani ni Cowley, huku kwenye kiwanda cha magari alichoanzisha William Morris. Sembe ipo. Lete dagaa, na koti zito usilifungie ndani ya begi: livae tangu kwenye ndege.

Mjomba wako